Mlio wa Kilomita 77

Kabla ya Chalinze sikuwa na habari na huo mlio. Kutoka Dar es Salaam hadi pale mwendo wenyewe ni wa kusukumana: Kibaha, Mlandizi, malori mbele, bodaboda ubavuni, trafiki wa tochi kajibanza chini ya mwembe. Mwenye akili zake hapitishi 50 penye makazi, maana faini ya shilingi 30,000 inauma kuliko kuchelewa. Haisi ilikuwa inaunguruma kama kawaida yake. Tulipoiacha njia panda ya Chalinze barabara ikafunguka, nikaingiza gia ya tano, nikakanyaga mafuta. Mshale ulipogusa 75 sauti ikaanza: nyembamba, ndefu, isiyovuta pumzi, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua usiku na wewe taa huna. Kwenye 80 ikakaza kabisa. Nilipofika 90 ikayeyuka.

"Umeisikia hiyo?" nikauliza.

"Mbona naisikia tangu wiki iliyopita, siku ile tulipotoka Bagamoyo," mama watoto akajibu kutoka kitandani. "Nikadhani unaijua."

Kitandani, ndiyo. Haisi hii kabla ya kuwa yetu ilikuwa ikisambaza mikate, na hadi leo mvua ikinyesha huwa naapa nasikia harufu ya hamira. Tulipoinunua tukang'oa mashubaka, fundi seremala wa Keko akatutengenezea kitanda cha mninga chenye droo chini yake, kimefungwa kwa bolti nne kwenye sakafu. Tukaongeza jiko la mtungi mdogo wa gesi, dumu la maji, pazia la kitenge, na keria ya mabomba juu ya paa. Mama mkwe alipoiona aliuliza kwa upole kama mwenye nyumba ametufukuza. Kwake yeye mtu mwenye nyumba kulala ndani ya gari ni jambo linalohitaji kikao cha ukoo. Safari ilikuwa ya kwenda Matema, Ziwa Nyasa, tukipitia Iringa kumsalimia kaka yake mke wangu. Siku kumi, bila haraka, tukilala tutakapochokea.

Sasa huwezi kusafiri siku kumi na mbu wa namna ile. Mlio wa gari ni kama deni: ukishaujua upo, hata ukinyamaza unausikia. Nikaanza kuuchezea, nashuka hadi 70 unakoma, napanda hadi 80 unarudi, kama mtoto anayepapasa jino bovu kwa ulimi. Morogoro nikashindwa, nikatafuta gereji.

Vijana wa pale walikuwa wachangamfu mno. Sijamaliza kueleza, mmoja alishaingiza jeki, akainua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono huku kiganja kingine kakilaza juu ya springi. Akafumba macho. "Beringi, bosi. Zote mbili." Kipimo chenyewe ni cha kweli, sikikatai: beringi iliyokwisha ukiizungusha inakwaruza, na ule mkwaruzo unapanda hadi kwenye springi ukaupata kwa vidole. Ila mimi nilipoweka kiganja changu sikupata kitu. Nikajiambia kiganja changu ni cha karani, hakijui. Tukanunua beringi mbili, zikafungwa, zile za zamani nikapewa kwenye mfuko wa nailoni. Nilizizungusha kidoleni tukiwa tunatoka mjini, milima ya Uluguru ikiwa nyuma yetu. Zilikuwa laini kama siagi. Na kwenye 80 mlio ukatusalimia palepale ulipotuacha.

Mama watoto ndiye aliyeleta wazo la keria. Alisema upepo ukipita kwenye bomba tupu hupiga mluzi, na mluzi wa upepo una mwendo wake unaoupenda. Tukasimama penye mashamba ya mkonge, na kwa kuwa kamba ya katani tulikuwa nayo, tukaizungushia bomba la mbele kama nyoka anayepanda mti. Sababu ni rahisi. Upepo ukipita kwenye bomba la mviringo huachana nalo kwa mapigo yaliyopangana, juu, chini, juu, chini, na hayo mapigo ndiyo mluzi. Kamba ikiliviringa, kila kipande cha bomba kinapiga kwa wakati wake, wimbo unavurugika.

Tukaondoka. Kuna sauti ilikufa, lakini siyo ile. Mluzi mmoja wa juu kabisa, ambao nilikuwa nimeuzoea hata sikuujua, haukuwapo tena. Mbu wetu akabaki peke yake, na sasa anasikika vizuri zaidi. Kumbe tulikuwa na milio miwili na mmoja unamficha mwenzake.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi tulipata amani. Barabara kuu inapita katikati ya mbuga kwa kilomita zipatazo 50, mwendo wa mchana mwisho 70, na mabango yanakutajia ukigonga mnyama gani utalipa kiasi gani, orodha kama ya bucha. Twiga walikuwa upande wa kushoto, tembo wanne wakavuka mbele ya basi, na basi likasubiri. Haisi kimya. "Hata yenyewe inaheshimu hifadhi," mke wangu akasema. Tulipotoka tu upande wa pili, 75, 78, 80, hoi.

Usiku ule tulilala Ruaha Mbuyuni, kwenye bonde la mibuyu, kwenye uwanja wa mama mmoja anayeuza vitunguu kando ya barabara. Alituruhusu kwa sharti kwamba asubuhi tununue. Nilikaa nje na taa ya simu nikaandika kwenye daftari kila kitu tunachokijua, kisha nikajiuliza kitu ambacho nilipaswa kujiuliza Chalinze kabla sijatoa hata shilingi: ni nini hasa kinachougeuza huu mlio? Mwendo, sawa. Na mguu wangu je?

Asubuhi, barabara ikiwa tupu, nikaipandisha hadi 85 halafu nikatoa gia, nikaiacha itembee nyutro. 82, 80, 78, 75. Kimya. Tukatazamana. Mwendo uleule, magurudumu yaleyale, upepo uleule, na hakuna mlio. Nikaingiza gia ya tano, nikakanyaga kidogo tu kushikilia 80: ukaimba. Nikainua mguu: ukakatika kama umefungwa bomba. Hapo tairi zimeachiwa huru, na beringi za magurudumu pia, maana vyote hivyo vinazunguka hata injini ikiwa haivuti. Kinacholia kinalia kikiwa kimebeba nguvu ya injini. Nikayumbisha usukani kushoto na kulia, nyokanyoka, uzito ukihama kutoka gurudumu hadi gurudumu, mlio haukubadilika. Zile beringi za mfuko wa nailoni zikaniangalia.

Kipimo cha mwisho: gia ya nne, 80 ileile. Injini ikapiga kelele kwa sababu inazunguka zaidi, lakini mbu akabaki kwenye noti yake. Kama angekuwa ni injini au meno ya giaboksi yanayobeba gia ile, angebadili sauti. Kwa hiyo yuko nyuma ya giaboksi: propela, kros zake, au difu. Na mama watoto, aliyekuwa amelala kifudifudi na sikio kwenye mbao, akasema, "Mimi nilikwambia uko chini ya kitanda." Kweli aliniambia, mara tatu.

Kitonga tuliupanda gia ya pili nyuma ya lori la saruji, na Kitonga ni Kitonga: kona juu ya kona, harufu ya klachi za watu, bonde upande mmoja. Ilula tukanunua nyanya. Saa nane tulikuwa Iringa, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, tukivaa masweta.

Shemeji yangu ni mwalimu wa kwaya. Tulipomaliza "kamwene" za pale mlangoni na chai kumiminwa, nikamweleza. Hakuwa na haja na difu wala propela. Aliuliza swali moja: "Unalia noti gani?"

"Shemeji, ni mlio tu."

"Hakuna mlio tu. Twende nikausikie."

Akachukua uma wake wa toni, kile kichuma chenye meno mawili anachokigonga gotini kuwapa wanakwaya sauti ya kuanzia. Shina lake limechorwa A 440, yaani meno yanatetema mara 440 kwa sekunde. Alinieleza njiani kwamba kipimo hicho ndicho kilichokubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939, ili piano ya huku na zeze la kule vielewane. Tukashuka mjini tukashika barabara ya Mafinga. Baada ya Tanangozi nikaipandisha. Mlio ulipoanza, mwalimu akaugonga uma gotini, akauma shina lake kwa meno, akafumba macho.

Sijawahi kuendeshwa na mtu asiyeshika usukani kama siku ile. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani kama yuko mbele ya sopano na alto. Kidole juu: ongeza. Kiganja chini: punguza. "Mnapishana," akanong'ona kwa kupitia meno, "nasikia mawimbi." Nilikuja kuyasikia na mimi aliponipa uma niuume wakati wa kurudi, mke wangu akiwa ndiye dereva. Sauti mbili zilizokaribiana zikikutana ndani ya fuvu hupiga wa-wa-wa-wa. Kadiri zinavyosogeleana ndivyo wa-wa inavyokuwa nzito na ya taratibu, waaa, waaa, mpaka zinapolingana mawimbi yanatulia kama maji ya mtungini. Yalipotulia, mwalimu akakunja ngumi. Mshale wa dashibodi ulisema 80. Simu, inayopima kwa setilaiti, ilisema 77, na kati ya hizo mbili mimi naamini simu.

Tulipofika Ifunda tukasimama. Nikachora alama ya chaki kwenye tairi ya nyuma na nyingine kwenye lami, tukaisukuma gari taratibu hadi chaki ikarudi chini, tukapima kwa futi kamba ya fundi cherehani tuliyoiazima dukani. Mita 2, kasoro upana wa kucha. Mwalimu akageuza karatasi ya wimbo wa Pasaka akaandika nyuma yake. Kilomita 77 kwa saa ni mita 21.4 kwa sekunde. Tairi ya mita 2 inazunguka mara 10.7 katika sekunde hiyo. Na sauti inatetema mara 440.

"Gawanya," akasema.

Nikagawanya. 41 na chenji.

"Kwa hiyo, shemeji, kila tairi inapozunguka mara moja, kuna kitu kinagonga mara 41. Mimi gari silijui. Wewe niambie kuna nini humo chenye vitu 41."

Nilikijua. Ndani ya difu kuna gia kubwa ya duara, mafundi wanaiita krauni, inayozunguka sambamba na magurudumu, na gia ndogo, pinioni, inayoletewa nguvu na propela. Meno ya pinioni yanasukuma meno ya krauni, jino kwa jino. Yakikutana sawasawa, yanapokezana kimya. Yakikutana vibaya, kila jino linaingia na kishindo kidogo, na vishindo 440 kwa sekunde havisikiki tena kama vishindo. Vinakuwa noti.

Fundi tuliyempata siku iliyofuata alikuwa mzee, mfupi, kofia ya sufu, ambaye gereji yake ni mti na kontena. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Inasemaje?" Nilipofika kwenye habari za uma wa toni alinitazama kama mtu anayehesabu ameshakutana na wateja wangapi wa aina yangu. Hakubishana. Akalala chini ya gari, akashika ile sahani ambapo propela inafungwa kwenye difu, akaivuta na kuisukuma. *Tik.* Akanipisha, akauweka mkono wangu pale. *Tik.* Kitu kidogo, unene wa ukucha wa mtoto, lakini kilichopaswa kuwa hakichezi hata kidogo kilikuwa kinaingia na kutoka.

"Nani aligusa hapa?"

Ndipo nikakumbuka. Miezi miwili nyuma difu ilikuwa inavuja kwa mbele, na gereji moja Dar ilibadilisha sili. Kazi ya nusu saa, walisema, na kweli ilikwisha nusu saa. Mzee akatikisa kichwa. Kuibadilisha sili ile lazima ufungue nati ya pinioni, akaeleza, na nyuma ya nati kuna kibomba chembamba ambacho kazi yake ni kubonyea: nati ikibanwa kinasinyaa kwa kipimo chake, ndicho kinachozishikilia beringi mbili za pinioni zisilegee wala zisikazwe mno. Kikishasinyaa hakirudi. Ukiirudisha nati kwa kukisia, pinioni inabaki na nafasi ya kutembea. Ukikanyaga mafuta inasukumwa, inakutana na krauni mahali siyo pake. Ukiinua mguu inarudi, kimya.

Akafungua nati ya chini, oili ikamiminika kwenye beseni. Alichovya vidole viwili akavisugua juani. Oili ilikuwa nyeusi, lakini ndani yake mlikuwa na vumbi la fedha linalometa, kama mkono wa mtu aliyetoka kuparua dagaa. Hapo hata mimi karani nilielewa. Akachomoa eksili, akafungua propela, na kijana wake wakashusha kichwa cha difu wakakiweka juu ya gunia.

Mwalimu alikuwa amekuja na pikipiki baada ya vipindi, bado ana chaki mfukoni. Akachuchumaa mbele ya krauni, akatia alama kwenye jino la kwanza, akaanza kuhesabu kwa sauti, mzee akiizungusha kwa kidole. Mafundi wa jirani wakasogea. Kwenye 30 kijana mmoja akaanza kuhesabu naye, kwenye 35 walikuwa watano. 39. 40. 41, na chaki ikarudi juu. Pinioni ilikuwa na 10.

Mzee akafuta mikono taratibu. "Haya, Mwalimu. Na huo uma wako unasema nati niibane kiasi gani?"

Beringi za pinioni na kibomba kipya zilikuja kesho yake na basi kutoka Dar, kwa hiyo tulilala Iringa siku mbili zaidi, na fedha za Matema za siku hizo mbili zikaishia chini ya ule mti. Sijutii, kwa sababu niliona kazi. Mzee alipaka meno machache ya krauni rangi ya mafuta ya manjano, akaizungusha, akatazama pinioni imeifuta wapi. Mara ya kwanza doa lilikaa ukingoni mwa jino. Akafungua, akabadili shimu moja nyembamba kama karatasi, akafunga, akapaka tena. Doa likasogea. Mara ya nne likakaa katikati, refu, kama alama ya mdomo kwenye kikombe. Lakini akanionya: meno haya yameshatembea vibaya miezi miwili, yamejichonga. Ukikanyaga yatanyamaza. Ukishuka mlima umeinua mguu, kidogo yatasema. Seti mpya ndiyo ingekaa kimya kabisa, na bei yake alinitajia, tukakubaliana kwamba kidogo siyo mbaya.

Jambo moja lilibaki. Kwa nini 77, wakati meno yanagongana mwendo wote? Mwalimu ndiye aliyelijibu, kwa kuugonga uma na kuusimamisha juu ya mbao za kitanda chetu. Kile kisauti kinachohitaji sikio likae karibu kikajaa gari zima. Kitanda cha mninga, kimebanwa kwa bolti nne sakafuni juu kabisa ya difu, droo tupu chini yake: tulikuwa tumejitengenezea gitaa, na noti yake ilikuwa hiyo. Tukashuka sokoni kwa mshona katambuga, akatukatia vipande vinne vya mpira wa tairi, tukavitia chini ya kila mguu wa kitanda kabla ya kurudisha bolti. Uma ukasimamishwa tena. Mbao zikawa bubu.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya tatu, ukungu ukiwa bado haujaondoka Ipogolo. Mama watoto alikuwa amechoka na vikombe vya chai vya kaka yake, akavuta pazia akajilaza. Nilisubiri hadi barabara iliponyooka, misonobari ya Sao Hill ikianza kuonekana mbali, nikakanyaga. 74. 76. Simu ikasema 77, nikaishikilia hapo kwa dakika nzima. Kwenye kioo nikamwona kalala, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja unaning'inia juu ya droo. Kabla ya Mafinga kuna mteremko; nikainua mguu. Kikatoka kisauti cha chini, cha mtu anayeguna usingizini. Akageukia ukutani, akaendelea kulala.